Daktari wa Jicho Moja na Kufuli za DNA

Wanachuo wenzangu, nilipokuwa field nyumbani Mlowo, nilifundisha Baiolojia kidato cha nne. Nikawaambia kwamba karibu kila seli ya mwili ina DNA ile ile. Binti mmoja wa dawati la nyuma akataka kujua, kama ndivyo, mbona jicho halioti meno. Darasa zima likacheka. Mimi nikabaki nimeshika chaki, nikaahidi kumjibu kesho yake. Katika kutafuta jibu nikakutana na mtu ambaye nilikuwa namjua kwa jina la ugonjwa tu: Denis Burkitt.

Jamaa alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja. Chuoni Dublin alianza na uhandisi, akahamia udaktari. Alipoomba kazi ya serikali ya kikoloni Afrika Magharibi, walimkataa kwa sababu ya jicho hilo. Baada ya vita, mwaka 1946, akapelekwa Uganda, kwanza Lira, baadaye Mulago, Kampala.

Mwaka 1957, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwonyesha mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Jino bovu halivimbishi pande zote nne. Muda si mrefu, Jinja, akamwona mtoto mwingine wa namna ile ile. Hapo ndipo usingizi ulipomwisha. Akaanza kupekua mafaili, na mwaka 1958 akaandika habari za uvimbe huo.

Oktoba 1961 aliondoka Kampala na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, kwenye Ford kuukuu. Walitembea maili zipatazo 10,000 kwa takriban wiki 10, Tanganyika ikiwemo, wakiuliza kila hospitali kama inawaona watoto wa aina hiyo. Jibu likachora ramani: ugonjwa ulikuwa kwenye joto na mvua, ukakosekana nyanda za juu zenye baridi. Ni karibu ramani ya malaria. Kule London, Anthony Epstein, aliyekuwa amemsikiliza Burkitt akitoa mhadhara, alipokea vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Mwaka 1964, yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli zake.

Sasa turudi kwa binti wangu. Seli huweka alama ndogo za kemikali, methili, juu ya DNA. Herufi hazibadiliki, ila jeni yenye alama nyingi mahali pa kuiwashia hufungwa, kama mlango wenye kufuli. Ndiyo sababu mojawapo jicho halioti meno. Tatizo huanza kufuli zikikosea milango, zikazifunga jeni zinazozuia seli kuzaliana ovyo. Kwenye mlango wa kizazi, kwa mfano, mabadiliko haya hupimika hata kabla saratani yenyewe haijatokea. Na kirusi cha Epstein, ndani ya uvimbe wa Burkitt, jeni zake nyingi zimefungwa kwa alama hizo hizo, kwa hiyo kinga ya mwili inakipita bila kukiona. Kimejificha nyuma ya kufuli.

Burkitt alifariki mwaka 1993. Safari yake ilihitaji gari bovu na swali moja tu: wapi?

Naandika haya kwa sababu mtaani kwetu, nikiwa mdogo, kulikuwa na mtoto aliyevimba taya. Tulisema ni jino. Alisukutuliwa maji ya chumvi wiki kadhaa, na alipofikishwa hospitali muda ulikuwa umekwisha. Hakuna aliyempima mapema, kwa hiyo siwezi kuutaja ugonjwa wake. Lakini uvimbe wa Burkitt unaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili, na bado watoto wengi hupona kwa dawa wakiwahishwa.

Kesho yake nilimjibu yule binti kuhusu kufuli. Halafu nikawaambia wote: ukiona taya ya mdogo wako imevimba na haipungui, usingoje jino ling'oke. Mpeleke.