John Henry Newman na Mlango wa Oxford

Wengi wetu twamjua Kardinali John Henry Newman kuwa mtakatifu, maana Papa Fransisko alimtangaza hivyo mwaka 2019. Mimi napenda kueleza jambo moja tu la maisha yake, nalo ni habari ya mlango wa chuo: nani aingie, na nani abaki nje.

Newman alizaliwa London tarehe 21 Februari 1801. Mwaka 1816, akiwa kijana wa miaka 15, aliandikishwa katika Chuo Kikuu cha Oxford. Siku hizo kila aliyetaka kuandikishwa huko alipaswa kutia sahihi Kanuni 39 za imani ya Kanisa la Anglikana. Basi Mkatoliki, Myahudi, au Mkristo wa dhehebu jingine asiyezikubali, hata awe na akili namna gani, hakuwa na nafasi. Newman hakupata taabu, kwani alikuwa Mwanglikana. Alisoma kwa bidii, na mwaka 1822 akachaguliwa kuwa mmoja wa waalimu wa chuo cha Oriel.

Mwaka 1834 mswada uliletwa Bungeni ili Wakristo wa madhehebu mengine waruhusiwe kusoma vyuoni. Newman alikuwa miongoni mwa walioupinga kwa nguvu. Alihofu kwamba chuo kikiacha kushika imani moja, dini yenyewe itapotea. Baraza la Malodi likaukataa mswada, na mlango ukabaki umefungwa.

Lakini mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa mwanadamu ni mchungu. Baada ya kufikiri na kusali miaka mingi, tarehe 9 Oktoba 1845 Newman alipokelewa katika Kanisa Katoliki. Mwezi ule ule akaacha nafasi yake Oriel, kwa sababu Mkatoliki hakuweza kuishika. Februari 1846 akauhama mji alioupenda, akakaa miaka 32 bila kuukanyaga tena.

Hata hivyo hakukaa kitako. Mwaka 1854 alifungua Chuo Kikuu cha Kikatoliki mjini Dublin. Wanafunzi walikuwa wachache, na serikali haikuzitambua digrii zake. Ila shule yake ya utabibu ilistawi. Mwaka 1859 alianzisha shule ya wavulana Birmingham.

Mwaka 1854 pia sheria ilifuta ile sahihi kwa wanaoandikishwa Oxford na kwa digrii ya kwanza. Kwa hiyo mwaka 1864 Newman alinunua kiwanja huko, akikusudia kujenga kanisa na kuwatunza vijana Wakatoliki. Safari hii waliomzuia ni maaskofu wa Kikatoliki wenyewe, wakihofu vijana watapoteza imani. Tazameni: ilikuwa hofu ile ile aliyokuwa nayo yeye mwaka 1834!

Sheria ya mwaka 1871 ikaondoa vizuizi karibu vyote vilivyobaki, isipokuwa katika masomo ya dini. Mwaka 1877 Trinity, chuo alichosoma ujanani, kilimteua mwanachama wake wa heshima wa kwanza, na Februari 1878 mzee wa miaka 77 akarudi Oxford. Alifanywa Kardinali mwaka 1879, akafariki tarehe 11 Agosti 1890. Mwaka 1895 Roma iliwaruhusu Wakatoliki kusoma Oxford na Cambridge.

Mimi naona fundisho kubwa hapa. Wanaofunga mlango si lazima wawe watu wabaya. Mara nyingi ni watu wanaoipenda dini yao, nao wanaogopa. Lakini anayebaki nje hupoteza masomo yake, hata kama aliyemfungia alikuwa na nia njema. Shule yetu ni ya misheni, na madarasani tunakaa pamoja na Waislamu na Wakristo wa madhehebu mengine. Wengine kati yetu watakuwa waalimu wakuu na wajumbe wa bodi za shule, kama walivyo baadhi ya wanafunzi wa zamani wanaosoma gazeti hili. Basi siku tutakaposhika ufunguo, tukumbuke kwamba imani ya mtoto hulindwa kwa mafundisho mema, wala si kwa kumfungia jirani yake nje.