Gustave Trouvé, fundi wa mota ya umeme ya mashua

Mvuvi wa Uvira anayetaka kuacha mota ya petroli na kutumia umeme wa jua anakutana na swali lililokuwepo tangu enzi za Gustave Trouvé, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1839: betri ngapi zinatosha kwenda na kurudi?

Tarehe 26 Mei 1881, mjini Paris, fundi huyo alijaribu mashua ya umeme kwenye mto Seine. Mota yake ya kilo 5 ilifungwa nyuma na kutolewa kirahisi. Kupanda mto, mashua ilienda mita 1.5 kwa sekunde. Kushuka, mita 2.5. Umeme ulitoka kwenye betri za kemikali.

Leo paneli za jua zinachaji betri, lakini hesabu haikwepeki: mota ya wati 1,000 ikifanya kazi saa 4 inakula wati-saa 4,000. Juu yake lazima akiba iwepo, maana upepo wa Tanganyika hauna miadi.

Trouvé alifariki tarehe 27 Julai 1902, baada ya kupuuza jeraha la kidole alilopata kazini. Hakuacha mtoto, na kaburi lake halikudumu. Lakini wazo lake, mota inayofungwa nyuma ya mashua, bado linasafiri kutoka Kalundu kila siku.