Mama Gertrud alikataa kufunga mizigo: maisha ya Mchungaji Hans Egede

Katika makanisa yetu ya mashariki ni vigumu kupata jamaa isiyo na mtu wake ng'ambo. Wengine walipita Nyarugusu, wengine Nakivale, wengine Kiziba, na baada ya miaka mingi ya kungojea waliitwa ofisini wakaambiwa jina la mji wa Kanada, Norwei au Ufini. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Watoto wataiweza baridi ile? Mama mzee tutamwachia nani? Mara nyingi mmoja katika nyumba anataka kwenda na mwenzake hataki, na wote wawili wanamwomba Mungu yuleyule.

Tukizifikiria jamaa hizo, tunamkumbuka mchungaji mmoja aliyeishi miaka 300 iliyopita, Hans Egede, ambaye watu wengi humwita mtume wa Greenland. Yeye hakufukuzwa na vita. Alikwenda kwa hiari yake, tena alitoka katika nchi yenye theluji. Lakini mabishano ya nyumbani mwake hayatofautiani sana na yale tunayoyasikia tukitembelea waamini wetu, na tunayafahamu kwa sababu yeye mwenyewe aliyaandika.

Alizaliwa tarehe 31 Januari 1686 huko Harstad, kaskazini mwa Norwei, wakati nchi hiyo ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark. Alisoma teolojia Copenhagen, na mwaka 1707, akiwa na miaka 21 tu, alipewa parokia ya Vågan katika visiwa vya Lofoten. Mwaka huohuo alimwoa Gertrud Rask, aliyemzidi umri kwa miaka 13. Vågan ni pwani ya wavuvi. Katika majira ya baridi jua halichomozi kwa majuma kadhaa, lakini mkondo wa maji ya vuguvugu unapita karibu, hata bahari haigandi. Msomaji aliweke hili moyoni: Mama Gertrud alilijua giza. Baridi ya kule walikokuwa wakielekea alikuwa hajaijua bado, ingawa kwenye ramani Greenland waliyoifikia iko kusini zaidi kuliko kwao.

Wazo lilimjia Egede baada ya muda mfupi tu wa kazi. Alikuwa amesoma kwamba zamani sana watu wa Norwei walihamia Greenland, wakajenga makanisa na kuwa na askofu wao, kisha meli zikaacha kwenda. Kwa miaka 300 hivi hakuna aliyejua walikuwa wazima au wamekufa. Alimwuliza shemeji yake wa Bergen, mtu aliyejua habari za meli za kuwinda nyangumi, akajibiwa mambo machache tu. Moyo wake haukutulia. Ndugu hao, kama wapo, nani anawahubiri? Mwaka 1710 aliwaandikia maaskofu wa Bergen na Trondheim akiomba kazi hiyo ianzishwe. Bibi yake hakuwa na habari.

Tunaona hapo ndipo alipokosea, na matokeo yalionyesha hivyo. Habari zilifika nyumbani kupitia watu wengine. Gertrud alilia, mama yake akapinga, mama wa Hans naye akapinga, rafiki wakaandika barua za kumkemea. Mama Gertrud alisema wazi kwamba hakuolewa ili apelekwe kufa pamoja na watoto wake mahali pasipojulikana. Egede aliacha kulizungumza jambo lile, lakini andiko la Mathayo 10:37, juu ya mtu anayewapenda wazazi au watoto kuliko Bwana, lilimnyima usingizi. Alibaki kati ya andiko na machozi ya bibi yake, na kwa muda mrefu hakuenda mbele wala nyuma.

Wako watu ambao wangemsifu kama angemlazimisha. Katika siku zile mume alikuwa na uwezo huo, na sheria ingekuwa upande wake. Hakufanya hivyo. Alingoja. Kilichobadilisha mambo hakikuwa mahubiri yake: palitokea matata katika parokia, chuki na manung'uniko kutoka kwa watu waliokuwa karibu nao, hata Gertrud akaanza kujiuliza kama Mungu hawasukumi watoke. Alilipeleka jambo hilo katika maombi, yeye mwenyewe, si kwa ajili ya kumpendeza mume. Aliponyanyuka alikuwa amekubali. Tangu siku hiyo mambo yakageuka. Mwaka 1718, Egede alipoiacha parokia na kutazama nyumba, waamini na mshahara aliokuwa akiviacha, yeye ndiye aliyetetemeka, na Mama Gertrud ndiye aliyemkumbusha kwamba wamekwisha kuamua.

Walikaa Bergen miaka mitatu wakitafuta meli na pesa. Vita ya Norwei na Uswidi ilikuwa imekula mali yote, na wafanyabiashara hawakutaka kuweka pesa zao katika barafu. Egede alikwenda Copenhagen kwa Mfalme Frederik wa Nne, ambaye mwaka 1706 alikuwa amekwisha kutuma wahubiri Tranquebar, India. Mfalme alimsikiliza. Mwishowe kampuni ikaundwa, na mnamo Mei 1721 meli iitwayo Haabet, maana yake Tumaini, iliondoka Bergen. Egede alikuwa na miaka 35, Gertrud 48. Watoto walikuwa wanne: Poul na Niels, na wasichana wawili wadogo, Kirstine na Petronelle. Tangu ile barua ya kwanza ilikuwa imepita miaka 11.

Karibu na Greenland barafu iliwazunguka hata wakafikiri wamekwisha. Tarehe 3 Julai walishuka kwenye kisiwa kidogo karibu na mahali ulipo mji wa Nuuk leo, wakajenga nyumba ya mawe na mabonge ya udongo wenye nyasi. Wale ndugu wa zamani hawakuwako. Ukoo wao ulikuwa umekwisha zamani, na majengo yao yalikuwa magofu. Waliokuwako ni Wainuit, wawindaji wa sili, watu wa lugha ambayo Egede hakujua neno lake hata moja.

Mtu mwingine angesema safari imekosa maana. Egede alisema hawa nao ni watu wa kuhubiriwa, akaanza kujifunza. Lugha ilimshinda kwa muda mrefu. Poul na Niels, waliocheza na watoto wa Wainuit, waliishika upesi kuliko baba yao, na Poul alichora picha za habari za Biblia ili baba apate kueleza asichoweza kusema. (Wazazi walioko ng'ambo watacheka: mtoto wa shule ndiye mkalimani wa nyumba.) Palikuwa na shida nyingine, kwamba watu wale hawakulima na hawakujua mkate, na inasimuliwa kwamba katika Sala ya Bwana waliomba sili wa kila siku.

Baridi iliwafundisha unyenyekevu. Wageni walikuja na bunduki na nyavu wakidhani watajilisha, lakini hawakupata kitu cha kutosha. Ikabidi wanunue nyama kwa Wainuit, ambao walikuwa na nguo za ngozi ya sili, taa za mafuta ya sili, na mitumbwi ya ngozi iliyopita kati ya barafu. Ujuzi wa kuishi mahali pale ulikuwa mikononi mwa wenyeji. Wanaume wa kampuni walipata kiseyeye, ule ugonjwa wa kukosa majani na matunda, ambao hutoa damu kwenye ufizi. Walinung'unika kwamba mchungaji amewapoteza.

Kisha ukaja mwaka 1722. Chakula kilikuwa karibu kwisha na meli ya kuleta kingine haikuonekana. Watu wakasema: tungoje siku chache, isipofika turudi kwetu. Hata Egede alikuwa karibu kukubali, maana hangeweza kubaki na bibi na watoto wanne peke yao. Watu wakaanza kufunga mizigo. Mama Gertrud hakufunga wa kwake. Aliwaambia wanajisumbua bure, meli itakuja. Watu walimcheka. Mwishoni mwa Juni meli ikafika na chakula, na habari kwamba mfalme ataendelea kuwasaidia.

Sisi hatusemi kwamba kila anayengoja meli huiona. Lakini tunashangaa kwamba aliyekataa kwa nguvu kwenda ndiye aliyekataa kwa nguvu kurudi. Alikuwa amekwisha kuhesabu gharama kule Vågan, wakati wanaume wa kampuni walikuja kutafuta faida.

Mwaka 1728 mfalme aliamua kuikuza koloni. Alimtuma gavana, Claus Paarss, pamoja na askari, farasi, na wafungwa waliotolewa gerezani wakaozwa upesi kwa wanawake waliotolewa gerezani vilevile. Hakuna aliyewauliza kama wanataka kwenda. Kituo kilihamishiwa bara kikaitwa Godthaab, ambacho leo ni Nuuk. Farasi wakafa. Katika majira yale ya kwanza ya baridi makumi ya watu walikufa kwa kiseyeye na taabu, na askari wakataka kuasi. Jamaa ya Egede, iliyokwisha kukaa miaka saba, ilipona. Tofauti kati ya makundi hayo mawili tunaiona ni kubwa kuliko tofauti ya chakula.

Mfalme Frederik alifariki mwaka 1730. Mwanawe, Christian wa Sita, aliona gharama, na mwaka 1731 ikaja amri kwamba watu wote warudi. Egede aliruhusiwa kubaki akipenda, na chakula cha mwaka mmoja, bila ahadi ya zaidi. Swali lile la Vågan likarudi upya, na safari hii kwenda nyumbani ndiko kulikokuwa rahisi. Wakabaki, na wanaume kama 10 pamoja nao. Mwaka 1733 habari njema ikafika: mfalme mpya amekubali kutoa riyali 2,000 kila mwaka kwa ajili ya kazi.

Meli hiyohiyo ilileta msiba. Kijana mmoja wa Greenland, aliyekuwa amepelekwa Denmark, alirudi na ndui. Wainuit hawakuwa wameujua ugonjwa huo, na ulipita kutoka kambi hadi kambi kwa miezi mingi ukaua maelfu. Egede alizunguka akiwazika na kuwafariji. Mama Gertrud aliijaza nyumba yake wagonjwa, akawalaza, akawaosha, akawapikia. Tangu hapo, watu waliokuwa wakimsikiliza mchungaji kwa heshima tu walianza kumwamini. Yeye mwenyewe hakupata nguvu tena. Alifariki tarehe 21 Desemba 1735, siku fupi kuliko zote za mwaka, wakati jua la Nuuk linaonekana kwa muda wa saa nne hivi.

Egede hakuweza kuendelea. Mwaka 1736 alihubiri kwa mara ya mwisho juu ya Isaya 49:4, ambapo mtumishi anaona amejitaabisha bure, kisha akapanda meli pamoja na mwili wa bibi yake, akamzika Copenhagen. Huko aliongoza shule ya kuwatayarisha wahubiri wa Greenland, na mwaka 1740 akafanywa msimamizi wa kazi yote, cheo kama cha askofu. Alifariki tarehe 5 Novemba 1758 huko Stubbekøbing, kisiwa cha Falster.

Hatutaki kumfanya malaika. Aliandika mwenyewe kwamba aliwapiga waganga wa Wainuit, na baada yake ilikuja biashara na utawala wa wageni ambao haukuwauliza wenyeji. Sanamu yake iko juu ya kilima Nuuk. Mwaka 2020 watu waliimwagia rangi nyekundu, na wenyeji wa mji wakapigishwa kura. Waliotaka ibaki wakawa wengi. Mabishano yanaendelea, na Wagreenland ndio wenye haki ya kuyamaliza, wengi wao wakiwa waamini wa kanisa lililotokana na kazi yake.

Kuhusu watoto, wale ambao bibi zao wawili walilia kwamba wanapelekwa kufa: Poul alisomea Copenhagen akarudi Greenland mwaka 1734, naye ndiye aliyetoa Agano Jipya lote katika lugha ya wenyeji mwaka 1766. Niels alirudi pia, akafanya biashara na kuhubiri, na mwaka 1759 akaanzisha kituo kaskazini zaidi, mahali penye baridi kali kuliko Nuuk. Alikipa jina la ukumbusho wa baba yake. Leo wenyeji wanapaita Aasiaat.