Harold Storey: Mtafiti wa Amani aliyefichua siri ya milia ya mahindi

Kila msimu wa mahindi wasikilizaji wetu wa Babati hutuuliza swali lile lile: majani yana milia ya njano, tuongeze mbolea gani? Leo tunajibu kwa kusimulia maisha ya mtu aliyeshughulika na milia hiyo karibu miaka 100 iliyopita, na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya hapa hapa nchini.

Kwanza tukumbushane kazi ya jani. Jani ni jiko la mmea. Kwa kutumia mwanga wa jua, linachanganya hewa ukaa na maji yaliyopandishwa na mizizi na kutengeneza sukari. Shuleni tuliita kazi hiyo usanisinuru, nayo hufanyika penye ukijani. Sukari hiyo ndiyo inayojaza punje. Penye mlia wa njano ukijani umepungua, na jiko linapika kidogo. Mmea ukiugua ungali mdogo hudumaa, na huenda usizae hindi la maana.

Harold Haydon Storey alikuwa Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1894. Miaka ya 1920 alifanya kazi Afrika Kusini, ambako milia ilikuwa ikisumbua wakulima. Mwaka 1901 mtaalamu Claude Fuller alikuwa ameiandika huko Natal, akidhani ni kasoro ya udongo. Storey alionyesha kwamba ni ugonjwa wa virusi, na unasambazwa na mdudu mrukaji mwenye urefu wa milimita 3 hivi, anayefyonza utomvu wa mmea mgonjwa na kwenda kufyonza mzima.

Mwaka 1928 alihamia kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Hapo alikutana na fumbo: wadudu wa aina moja, waliolishwa mmea mmoja mgonjwa, wengine waliambukiza na wengine hawakuambukiza. Aliwazalisha kwa vizazi kadhaa na kuona kwamba uwezo wa kuambukiza hurithiwa. Kisha akachukua wale wasioambukiza, akawatoboa utumbo kwa sindano nyembamba sana. Wakaanza kuambukiza. Hivyo akajua kwamba kwa wadudu hao ukuta wa utumbo ndio unaozuia virusi kupita.

Akiwa Amani aligeukia pia muhogo. Batobato ilikuwa ikikunja majani na kuyatia mabaka ya njano, na mizizi inabaki myembamba. Storey na mwenzake R.F.W. Nichols walichunguza ugonjwa huo unaosambazwa na nzi weupe. Mwaka 1936 Storey alieleza kwamba michirizi ya kahawia ni ugonjwa mwingine, tofauti na batobato.

Kufukuza nzi shamba zima haikuwa kazi ya mkulima mdogo, kwa hiyo watafiti wa Amani walitafuta kinga ndani ya mmea wenyewe. Walichavusha muhogo kwa mti wa mpira ulio ndugu yake. Watoto wa kwanza walistahimili ugonjwa lakini mizizi yao haikufaa kuliwa. Wakawarudisha kwa muhogo tena na tena, msimu hadi msimu, mpaka wakapata aina zenye kinga na mizizi ya kula. D.L. Jennings aliendeleza kazi hiyo hadi mwaka 1957. Mbegu kutoka Amani zilipelekwa Nigeria, na kuanzia miaka ya 1970 watafiti wa Ibadan walitumia uzao wake kupata mihogo inayostahimili batobato, ambayo leo inalimwa katika nchi nyingi za Afrika.

Baada ya Vita Kuu ya Pili utafiti ulihamishiwa Muguga, Kenya, na Storey akaenda huko. Alifariki mwaka 1969.

Leo watafiti katika vyuo vikuu vya Marekani na Uingereza wanajaribu kuboresha usanisinuru wenyewe, ili jani litengeneze sukari nyingi zaidi kwa jua lile lile. Wakati tunasubiri, jani tulilonalo linahitaji kulindwa.

Basi tukirudi kwenye swali lenu: mbolea haiondoi virusi, na mhindi wenye milia haurudi kuwa mzima. Usimalizie fedha hapo. Kinga huanza na mbegu. Nchini zipo aina zilizozalishwa kustahimili milia, kama Staha, TMV-1 na Kilima-ST. Kabla ya kununua, muulize afisa ugani ipi inafaa ukanda wako, kwa kuwa Magugu na Dareda hazina hali ya hewa moja. Panda mapema pamoja na majirani, maana shamba lililochelewa ndilo hupokea wadudu waliokwisha kuongezeka kwenye mashamba ya wengine. Na kama njano haina milia, bali inaanzia ncha ya majani ya chini na kupita katikati, huenda ni upungufu wa naitrojeni. Hapo mbolea itasaidia.