Tingatinga na rangi ya baiskeli

Wachuuzi wa Lilongwe na kambi ya Dzaleka, wanaojua kuanza na mtaji mdogo, watamwelewa Edward Said Tingatinga. Alizaliwa 1932 wilayani Tunduru, akafanya kazi mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam kutafuta vibarua. Tanganyika ilikuwa na miaka 7 ya uhuru alipoanza kuchora, 1968. Turubai ingemfilisi; alichukua ubao wa dari na rangi ya baiskeli, akachora chui, ndege, tembo. Soko lilikuwa Oysterbay, nje ya Morogoro Stores, wateja wengi wageni. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi, wakimdhania mhalifu anayetoroka. Ndugu aliowafundisha waliendelea kuchora, na 1990 wakaunda chama cha ushirika kwa jina lake.