Ester Boserup na Shamba Lililolala

Kila mwaka nisahihishapo insha za wanafunzi wangu, hapana budi nikutane na dai lile lile: umaskini wa Afrika umeletwa na wingi wa watu. Mimi ni mwanaisimu, si mwanauchumi, na kazi niliyopewa ni kupima lugha tu. Hata hivyo, dai hilo hunikumbusha mwanamke wa Denmark ambaye ningependa walimu wenzangu wamtaje madarasani.

Ester Boserup alizaliwa Copenhagen mwaka 1910. Baba yake, aliyekuwa mhandisi, alifariki binti akiwa na umri wa miaka miwili, na kwa miaka kadhaa jamaa hiyo ilionja ufukara. Alisomea uchumi katika Chuo Kikuu cha Copenhagen, akahitimu mwaka 1935, akaajiriwa serikalini, kisha mwaka 1947 yeye na mumewe, Mogens, wakahamia Geneva kuutumikia Umoja wa Mataifa. Uprofesa hakuwa nao. Nalitaja hili makusudi, maana sisi wenye shahada za uzamifu hujisahau.

Safari iliyombadilisha mawazo ilikuwa ya India, mwaka 1957, alikokwenda na mumewe kushiriki katika utafiti ulioongozwa na Gunnar Myrdal. Aghalabu wataalamu wa wakati huo walishikilia fundisho la Malthus la mwaka 1798, kwamba watu huongezeka upesi kuliko chakula. Boserup alipowatazama wakulima wenyewe alianza kulitilia shaka. Waliondoka India mwaka 1960, kazi ile haijakamilika.

Mwaka 1965 alichapisha kitabu chembamba kuhusu masharti ya kukua kwa kilimo. Hoja yake ilikuwa kwamba watu wakiwa wachache, mkulima hufyeka msitu, hulima misimu michache, kisha huliacha shamba lilale miaka mingi. Watu wakizidi, muda wa kulilaza hupungua, na hapo ndipo jembe, samadi, matuta na umwagiliaji maji huhitajika. Mkulima hakuwa mjinga alipolima kwa njia ya zamani. Njia mpya hudai saa nyingi zaidi za jasho, na hakuna azikubaliye pasipo haja.

Kilichonivuta mimi ni suala la majina. Wachumi walizoea kuigawa ardhi mafungu mawili, inayolimwa na isiyolimwa. Boserup alionyesha kwamba pori linalopumzishwa ni sehemu ya shamba. Kwetu Kenya kosa hilo la majina lilikuwa na gharama: chini ya Sheria ya Ardhi za Mfalme ya mwaka 1902, ardhi iliyohamwa na Waafrika iliweza kugawiwa wengine kana kwamba haina mwenyewe. Marehemu nyanya yangu hakuwa na neno la ardhi tupu. Alikuwa na konde alilolima na konde lililolala.

Mwaka 1970 alitoa kitabu cha pili, kuhusu nafasi ya wanawake katika maendeleo. Humo alieleza jinsi wakoloni walivyowafunza wanaume kilimo cha kisasa, ilhali katika sehemu nyingi za Afrika walioshika jembe walikuwa wanawake.

Ushahidi wa karibu ulitoka Machakos. Katika miaka ya 1930 maofisa waliona mmomonyoko wa udongo tu, wakautabiria wilaya hiyo maangamizi. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu walikuwa wameongezeka takriban mara tano, na mmomonyoko umepungua. Vikundi vya mwethya, wengi wao wanawake, vilikuwa vimechimba mitaro na kuutupa udongo upande wa juu wa mteremko. Njia hiyo huitwa fanya juu, na vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo huiita vivyo hivyo, kwa Kiswahili chetu.

Wakosoaji wake wana haki pia. Machakos iko karibu na soko la Nairobi, na kahawa iliwapa wakulima fedha za kuyatunza matuta. Penye ukame mkali, au pasipo na barabara wala hakika ya umiliki, shamba hulimwa hadi likachoka. Boserup alifariki mwaka 1999. Muhula huu nimemweka katika orodha ya mada za insha, nami nasubiri kuona watakaloandika.