Karamojo Bell: Aliangusha tembo 1,011, wengi kwa risasi ya gramu 11

Ukiishi Bukundi au kijiji kingine cha Simiyu kilicho karibu na mapori ya hifadhi, ukubwa wa tembo huhitaji kusimuliwa. Sasa chukua sarafu ya shilingi 500 uiweke kiganjani. Kichwa cha risasi alichotumia Walter Bell kuangusha tembo karibu 800 kilikuwa kizito kidogo tu kuliko hiyo sarafu.

Wawindaji wengi wa zama zake walibeba bunduki nzito, nyingine zikirusha kichwa cha risasi cha gramu 48. Bell alitumia cha gramu 11 na ushee. Zaidi ya miaka 70 tangu afariki, wawindaji bado wanabishana kuhusu uamuzi wake.

Yatima aliyekimbia shule

Walter Dalrymple Maitland Bell alizaliwa Scotland mwaka 1880 kwenye familia yenye uwezo. Mama yake alifariki akiwa na miaka 2, baba akafuata akiwa na miaka 6. Kaka zake wakamlea, ila shule ilimshinda. Akiwa na miaka 13 tayari alikuwa baharini, kazini melini.

Akiwa na miaka 16 hivi alifika Afrika Mashariki na kupata kazi ya kuua simba waliosumbua wajenzi wa reli ya Uganda. Baadaye akaenda Kanada wakati wa mbio za dhahabu, akawa anawinda na kuuza nyama mjini Dawson. Mshirika wake akamdhulumu, akabaki hana kitu. Ili arudi Afrika, akajiunga na jeshi la Kanada lililokuwa linakwenda vita vya Makaburu. Huko farasi wake aliuawa, yeye akatekwa, kisha akatoroka.

Vita vilipoisha mwaka 1902, akaingia kwenye biashara ya pembe za ndovu. Alipiga kambi Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, na jina la Karamojo likatokea huko. Wenyeji waliomwonyesha tembo wakubwa aliwalipa ng'ombe. Kwa jamii ya wafugaji, hapo hukuwa na haja ya kubembeleza mtu.

Kwa nini risasi ndogo?

Bunduki aliyoipenda ilikuwa Mauser ya milimita 7, iliyotengenezwa na Rigby wa London na kuitwa .275. Ni bunduki ya saizi ya kati, wengi waliiona ya kuwindia swala.

Wawindaji hupima kichwa cha risasi kwa greini, na greini 15 ni kama gramu 1. Kwa bunduki hiyo kulikuwa na vichwa vya greini 140, yaani gramu 9, na vya greini 173, yaani gramu 11.2.

Cha greini 140 ni chepesi na kinakwenda kasi. Kikiwa na ncha laini, kinapanuka kikigonga nyama. Kwa swala kinafaa sana. Kwa fuvu la tembo ni balaa, kwa sababu kinaweza kuvunjika kabla hakijafika ndani.

Bell akachagua cha greini 173. Kilikuwa kirefu, chenye ncha ya duara, kimefunikwa na ganda gumu ili kisipanuke. Kilikwenda polepole kuliko kile chepesi, ila kilinyooka na kuzama. Ni kama mkuki na rungu: rungu ni zito, lakini mkuki mwembamba ndio unaofika moyoni.

Kumbe uzito peke yake haukuwa ishu. Alichotaka ni uzito uliobanwa kwenye umbo jembamba na gumu, ndiyo maana hata bunduki yake nyingine ya milimita 6.5 aliilisha vichwa virefu vya greini 160.

Faida nyingine ilikuwa begani. Bunduki kubwa inampiga teke mpigaji, na ukishaogopa teke unaanza kukosea shabaha. Ya Bell ilikuwa nyepesi kubeba kutwa nzima, na hakuwa na sababu ya kuiogopa.

Siri ilikuwa kwenye fuvu

Lakini risasi ilikuwa nusu tu ya kazi. Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi hasa. Umejificha nyuma, umezungukwa na mifupa yenye matundu kama sega la nyuki. Alijifunza kuufikia hata kutoka nyuma kwa pembeni, shabaha ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Hapa ndipo hatari ilipo. Mwenye risasi ndogo asiyejua sehemu hiyo humwacha tembo amejeruhiwa, na aliyejeruhiwa anaweza kumgeukia yeyote atakayekutana naye. Leo Tanzania, mwenye kibali cha kuwinda wanyama hatari kama nyati na tembo hutakiwa kutumia bunduki ya .375 au zaidi. Kwa hiyo .275 ya Bell isingekubalika.

Rubani, mwandishi, mzee wa milimani

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alijifunza urubani, akaruka kwa ajili ya Waingereza juu ya ardhi ambayo leo ni Tanzania Bara, akipeleleza majeshi ya Wajerumani. Alitunukiwa nishani ya Military Cross.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1923. Baadaye alitulia Scotland na mkewe Katie, akiwinda kulungu na kushindana kwa mashua. Alifariki mwaka 1954.

Hesabu yake ya tembo 1,011, karibu wote madume, inatisha ukiisoma leo. Enzi zake ilikuwa biashara ya kawaida, na pembe zilimtajirisha. Wawindaji wa leo wanaochagua uzito wa risasi bado wanalitaja jina lake. Wengi wanakumbuka udogo wa risasi na kusahau msumeno.